Shoka la Kuazimwa

Somo: 2 Wafalme 6:1–7



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo vijana wetu hulizungumza kila siku, barabarani na sokoni, na hata uani mwa kanisa mara ibada iishapo. Huzungumza habari za vyombo vipya: simu zenye kioo kikubwa, taa za jua, na zaidi ya hayo yote pikipiki, bajaji na magari yaendayo kwa umeme bila tone la petroli. Wazee wengine wakisikia hayo hutikisa vichwa, wakasema ni tamaa za dunia. Vijana nao husema ya kuwa wazee hawaelewi. Basi tusiwahukumu hawa wala wale kabla ya kulisikia Neno. Chukueni Biblia zenu, mfungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 6, mkaisome mistari saba ya kwanza.

Habari yenyewe ni fupi. Wanafunzi wa manabii waliona ya kuwa nyumba yao imekuwa ndogo, wakamwomba Elisha ruhusa waende Yordani kukata miti ya kujengea. Mmoja akamsihi nabii afuatane nao, naye akakubali. Walipokuwa wakikata, chuma cha shoka la mmoja wao kilichomoka katika mpini, kikatumbukia majini. Mtu yule akalia kwa uchungu. Wala hakulilia kazi iliyosimama; alilia kwa kuwa shoka halikuwa lake, alikuwa ameliazima. Nabii akamwuliza mahali lilipoangukia, naye akamwonyesha. Elisha akakata kijiti, akakitupa pale, na chuma kikaelea. Kisha akamwagiza yule mtu akiokote mwenyewe. Naye akanyosha mkono, akakitwaa.

Katika habari hii twapata maneno matatu.

Neno la kwanza: Mungu hakidharau chombo cha kazi.

Tazameni mahali habari hii ilipowekwa. Mlango uliotangulia wasema juu ya Naamani, jemadari mkuu wa Shamu. Na mistari inayofuata yasema juu ya jeshi la Shamu, farasi wake na magari yake ya vita. Katikati ya mambo hayo makuu limepewa nafasi shoka la mwanafunzi maskini. Basi mtu asiseme ya kuwa vyombo vya kazi ni mambo ya dunia tu, na ya kuwa Mungu haviangalii.

Sisi watu wa Ufipa yatupasa kulifahamu neno hili upesi kuliko wengine, maana katika nchi yetu wamekuwako wahunzi hodari. Babu zetu walijenga ilungu, yaani tanuru la udongo lililopita urefu wa mtu, lenye matundu chini ya kuingizia hewa. Walilijaza makaa na mawe yenye chuma, wakaliwasha, likawaka mchana na usiku bila mivukuto, kwa upepo uliovutwa na moto wenyewe. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Humo yalitoka majembe na mashoka. Mabaki ya malungu yangalipo katika uwanda wetu hata leo. Majembe ya viwandani yalipoingia kutoka ng'ambo kwa bei nafuu, kazi ile ilififia, na moto wa malungu ukazimika. Wala bibi zetu hawakulikataa jembe jipya kwa sababu ni jipya, wala hawakulisifu kwa sababu hiyo. Walilitia shambani, wakalipima kwa tuta na kwa mavuno.

Hivyo ndivyo yatupasa kuvipima vyombo vya siku hizi. Gari la umeme si jambo la jana. Mwaka 1899, karibu na mji wa Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme kwa mwendo upitao kilomita 100 kwa saa, na mpaka siku ile hapakuwa na gari lolote lililokwisha kufika mwendo huo. Lakini betri za zamani zilikuwa nzito na nguvu zake chache. Magari ya petroli yakashinda, na yale ya umeme yakasahauliwa na wengi. Yamerudi kwa sababu ya betri ya lithiamu, ambayo ni nyepesi na hushika nguvu nyingi. Kwa kazi hiyo John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Nchi jirani zimekwisha kuanza. Kigali, tangu mwaka 2019, wako waendesha pikipiki za umeme: dereva hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha nguvu, hutwaa iliyojaa, akaendelea na safari. Nairobi mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari ya watu binafsi yatumiayo mafuta. Nasi Tanzania, mwezi wa Juni 2024, tuliona treni ya umeme ikianza kazi kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha ikafika Dodoma. Na katika mto Rufiji limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kutoa megawati 2,115.

Faida zake ni za kweli. Mota ya umeme haina vipande vingi viendavyo kama injini, haitaki oili ya injini, wala haimtolei moshi mtoto apitaye kando ya njia. Katika injini ya petroli sehemu kubwa ya nguvu hupotea kwa joto; katika mota sehemu kubwa hugeuka kuwa mwendo. Tena twakumbuka mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, jinsi bei ya mafuta ilivyopanda hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia mwezi wa Juni. Sisi tulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam twajua maana ya mafuta kupanda bei: nauli hupanda, mbolea hupanda, na gunia la mahindi la mkulima wa Laela hushuka thamani kabla halijafika sokoni.

Basi kijana apendaye chombo kama hicho hatendi dhambi. Wazee, msimkemee kwa kupenda kwake. Mwulizeni anataka kukitumia kwa kazi gani.

Neno la pili: Yule mtu alijua ya kuwa shoka si lake.

Hapa yatupasa kusema wazi, tena tuanze na nyumba yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulichukua taa za jua pamoja na redio kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Mwuzaji alisema maneno matamu, nasi tukatia sahihi katika karatasi tusiyoisoma mpaka mwisho. Sisi tuwafundishao watoto wa kipaimara kusoma kila neno na kuuliza maana yake! Jioni moja, watu walipokuwa wamekusanyika nyumbani kwetu kwa somo la Biblia, taa zikazimika zote mara moja. Hazikuharibika. Tulikuwa tumechelewa kulipa siku mbili, nazo zilifungwa kwa mbali. Tukamaliza somo kwa tochi ya simu ya mmoja wa akina mama. Baadaye tukakaa kuhesabu, tukaona ya kuwa mpaka mwisho wa malipo tutakuwa tumetoa karibu mara mbili ya bei ya taslimu. Taa zile zilikuwa nzuri, na watoto walisoma kwa mwanga wake. Lakini tulikuwa tumeaminisha watu, na kujiaminisha sisi wenyewe, ya kuwa ni zetu.

Liko jambo lililo zito kuliko hilo. Katika usharika wetu kijana mmoja alichukua pikipiki ya petroli kwa mkataba, apate kufanya kazi ya bodaboda. Mama yake aliuza ng'ombe wa kulimia ili apate malipo ya kwanza, na mzee mmoja wa kanisa akawa mdhamini. Miezi ya mavuno kazi ilikwenda vema. Masika yalipofika, njia za vijijini zikawa matope, abiria wakapungua, na malipo ya kila juma yakamshinda. Pikipiki ikachukuliwa. Mzee yule akauza mtamba wake kwa ajili ya deni lisilo lake. Tangu hapo kijana hakuja tena kanisani. Aliona haya kukaa katika nyumba moja na mzee yule, na mzee alipoikaribia Meza ya Bwana moyo wake ulikuwa umejaa uchungu. Ndugu, chombo kilichoanguka majini hapo hakikuwa pikipiki tu. Zilianguka nafsi mbili, na ng'ombe wa mama mjane.

Twaandika haya kwa sababu mikataba ya namna ile ile yaja pamoja na vyombo vya umeme. Bei ya kuvinunua huwa kubwa, ijapokuwa gharama ya kuviendesha ni ndogo. Na mtu asiye na fedha mkononi huambiwa achukue leo, alipe polepole. Mkopo si dhambi. Yule mwanafunzi wa manabii aliazima, wala Elisha hakumlaumu. Lakini alipokuwa akikata mti alikumbuka mwenye shoka, na lilipopotea hakujificha, bali alilia mbele ya mtumishi wa Mungu. Sisi huazima kwa furaha, kisha hujificha kwa haya. Mtume Paulo katika Warumi 13:8 atufundisha tusikae na deni la mtu, ila lile la kupendana, ambalo halimaliziki.

Neno la tatu: Hata kilicholipiwa chote, kimeazimwa.

Labda mtu atasema, Mimi nina fedha taslimu, neno hili si langu. Tusikie Zaburi ya 24, ambayo katika mstari wake wa kwanza yaikiri nchi na vyote viijazavyo kuwa mali ya Bwana. Chuma cha shoka kilitoka katika nchi ya nani? Na betri ya pikipiki ya umeme imetoka wapi?

Asimamaye Kirando wakati wa machweo, akitazama ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anaitazama nchi ya Kongo. Nchi hiyo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani, na kobalti hutiwa katika betri nyingi za simu na za magari. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya watoto waliokuwa wakichimba na kubeba mawe ya kobalti kusini mwa nchi hiyo. Watoto hao ni jirani zetu. Twashukuru ya kuwa si kila betri yahitaji kobalti. Ziko zilizotengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati, na vyombo vingi vya bei nafuu huzitumia hizo. Tazameni, chuma kilichowashughulisha babu zetu kimerudi tena kazini! Basi anunuaye na aulize betri yake ni ya namna gani. Kuuliza si dharau. Ni kumkumbuka mtoto wa jirani.

Tena betri ikichakaa itakwenda wapi? Karibu na Mombasa kiko kijiji cha Owino Uhuru. Hapo palijengwa tanuru la kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi, na sumu yake ikaingia katika udongo, maji na damu za watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliwatetea wanakijiji. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wanakijiji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Betri zile zilikuwa za risasi, kama tulizo nazo katika malori na katika taa za jua za zamani. Betri za lithiamu zina hatari ya namna nyingine: zikitobolewa au kufunguliwa na asiye fundi zaweza kushika moto. Kwa hiyo twawasihi, msitupe betri mtoni, msiichome moto, wala msiwape watoto waivunje.

Hata umeme wenyewe ni wa kuazimwa. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga ulinunuliwa Zambia, ukija kwa njia ya Mbala. Mwaka 2024 ukame mkubwa uliipiga Zambia, maji ya mabwawa yakapungua, na watu wa nchi ile wakakaa gizani saa nyingi kila siku. Ategemeaye mto wa jirani yampasa kuiombea mvua ya jirani. Na yeye asifuye gari lisilo na moshi, huku akikata miti ya msitu wa Mbizi kwa mkaa, hajaelewa bado anachokisifu.

Basi tufanyeje? Tulitazame tena lile swali la Elisha. Hakumwuliza yule mtu kwa nini aliazima, wala kwa nini hakukaza mpini. Aliuliza mahali chuma kilipoangukia.

Tuliwaita kijana yule na mzee yule nyumbani kwetu, pamoja na mama mjane. Haikuwa rahisi. Jioni ya kwanza mzee hakusema neno. Jioni ya pili tuliandika katika karatasi kila shilingi iliyotoka na mahali ilipokwenda, na hapo ndipo mzee alipoona ya kuwa kijana hakula fedha. Alishindwa na masika. Kijana naye akaona kwa mara ya kwanza bei ya mtamba imeandikwa mbele ya macho yake, akalia. Deni halikuelea siku ile. Limelipwa kwa vibarua vya mahindi na maharage kwa misimu miwili, na nusu ya mwisho mzee alimsamehe. Siku waliposhiriki Meza ya Bwana wakipiga magoti bega kwa bega, tuliufahamu ule muujiza wa Yordani.

Sasa kijana huyo amekuja tena, na safari hii simu yake ina picha ya pikipiki ya umeme. Mzee aliposikia akatuuliza, Nimwambie nini? Tukamwambia, Tukae tuhesabu. Tukahesabu kilomita aendazo kwa siku moja. Tukakumbuka ya kuwa kupanda milima kwala nguvu nyingi, na ya kuwa atokaye Muze kupanda Lyamba lya Mfipa hawezi kuhesabu kilomita kama wahesabuvyo watu wa pwani. Na ya kuwa baridi yetu ya Juni na Julai hupunguza nguvu ya betri. Tukauliza: atajazia wapi umeme, na ukikatika usiku kucha, asubuhi atafanya kazi kwa nini? Fundi yuko wapi? Betri, iliyo sehemu ya thamani kuliko zote, imedhaminiwa miaka mingapi? Masika atalipa kwa nini? Majibu mengine yalikuwa mazuri, maana kazi yake nyingi ni ya mjini, katika njia fupi. Mengine hayakuwapo. Ameamua kwanza kwenda Mbeya kuuliza, na kuweka akiba mpaka mavuno. Mzee amesema atafuatana naye. Kama yule mwanafunzi alivyomsihi Elisha aende nao, kadhalika na kijana asiende peke yake kutia sahihi.

Wainjilisti, someni jambo hili katika mikutano ya vijana, mkawafundishe maswali manne: Chombo hiki ni cha kazi gani? Ni cha nani mpaka nimalize kulipa? Kimetoka wapi, na kikichakaa kitakwenda wapi? Nikianguka, nani ataanguka pamoja nami?

Limebaki neno moja. Wazee hutuambia ya kuwa jina Sumbawanga lina agizo ndani yake: utupe uchawi. Wahunzi wa zamani walifukia dawa chini ya ilungu, wakiamini ya kuwa pasipo hizo chuma hakitatoka. Tusicheke. Mtu adhaniye ya kuwa simu mpya itampa heshima, au ya kuwa gari la umeme litamwokoa katika umaskini na kuiponya dunia peke yake, naye amefukia dawa chini ya tanuru lake. Zaburi ya 20, mstari wa 7, yawaweka upande mmoja wenye kujivunia magari na farasi, na upande wa pili wenye kulitaja jina la Bwana. Gari lenye moshi au lisilo na moshi, ni gari tu. Likitwaliwa kwa shukrani, likalipwa kwa haki, likampeleka mama mjamzito hospitali na mahindi sokoni, ni shoka mkononi mwa mjenzi.

Tuombe: Ee Bwana, mwenye nchi na chuma na mito, utupe akili ya kuazima na moyo wa kurudisha. Waonyeshe vijana wetu njia, uwape wazee uvumilivu. Na kilichoanguka kati yetu ukiinue, nasi utupe ujasiri wa kunyosha mkono na kukitwaa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.